Maagizo ya kazi ya ziada yanawafungia wazazi mlango

KATIKA safu hii leo ninataka kuzungumzia jambo ambalo walimu wengi wa Kiswahili hulipita mbio wakielekea kwenye sarufi yenyewe, nalo ni lugha ya maagizo. Nina maana ya vile vitenzi vinavyotangulia maswali katika madaftari ya watoto wa gredi ya nne, ya tano na ya sita: kanusha, yakinisha, akifisha, ainisha, bainisha, tegua, andika kwa wingi, andika kwa ukubwa. Dai langu ni kwamba mara nyingi kazi ya ziada ikimshinda mtoto, na ikamshinda mzazi wake pia, si kwa sababu nyumba nzima haijui Kiswahili. Ni kwa sababu ya neno moja lililo mwanzoni mwa swali, ambalo shule imelipa maana yake na haikumwambia mtu yeyote nje ya lango.

Tuanze na jina lenyewe. Sisi Wakenya tumezoea kusema ‘kazi ya ziada’. Wenzetu wa Tanzania husema ‘kazi ya nyumbani’, na watoto wenyewe, wawe Mombasa au Kakamega, husema tu ‘homuwaki’. Mimi nalipenda neno ziada kwa sababu linatuwekea sharti. Mama mboga akikutilia nyanya mbili za ziada ni kwa kuwa umeshanunua fungu. Hawezi kukupa ziada ya fungu ambalo hukununua. Vivyo hivyo, kazi inayokwenda nyumbani kabla mtoto hajaelewa alichofundishwa darasani haiwi ya ziada. Hilo ni somo lenyewe limehamishiwa jikoni, likakabidhiwa mtu ambaye hakusomea ualimu.

Hapa nisiwaonee walimu. Kipindi cha gredi hizi ni dakika 35, na Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki. Jumla ni dakika 140. Katika darasa la watoto 70, na madarasa ya namna hiyo tunayo, kila mtoto anapata dakika mbili za mwalimu kwa wiki nzima, hata kabla hujaondoa muda wa kufuta ubao na kuwatuliza walio nyuma. Kengele ikilia, mwalimu anaandika ubaoni ‘Kanusha sentensi zifuatazo’, anaongeza sentensi kumi, watoto wananakili, basi. Anachagua sarufi kwa sababu kesho yake atalazimika kusahihisha madaftari 70, na sarufi husahihishwa upesi: tiki, kosa, tiki, kosa. Ndiyo maana mtaala unaotaja kusikiliza na kuzungumza kabla ya kusoma, kuandika na sarufi, unapofika nyumbani ndani ya mkoba wa mtoto unakuwa umegeuka miguu juu, sarufi ikiwa mbele na mazungumzo yakiwa hayapo kabisa.

Mazoea haya yana historia. Tangu 1985 hadi 2023 watoto wetu walimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, na karatasi ya lugha ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Maswali ya aina hiyo yanahitaji agizo fupi lisiloeleza chochote, kwa kuwa mtahiniwa anatarajiwa awe amelikariri miaka mingi. Mtaala wa umilisi uliingia katika gredi tatu za kwanza 2019, ukafika gredi ya nne 2020, na 2022 watoto wa gredi ya sita wakafanya tathmini yao ya kwanza. KCPE imekwenda zake. Lakini hebu fungua baadhi ya vitabu vya marudio vinavyouzwa madukani kwa ajili ya gredi ya tano. Jalada ni jipya, picha ni za rangi, na maswali ni yaleyale niliyoyaona kwenye madaftari ya wanangu, ambao sasa nao ni wazazi.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Jirani yangu mmoja, mama mzaliwa wa Lamu, ana binti wa gredi ya tano. Kiswahili cha mama huyu ni kile ambacho sisi wa vyuo vikuu hufunga safari kwenda kukitafuta tukiwa na vinasa sauti. Jioni moja alinijia na daftari mkononi. “Profesa, hebu nitizamie hapa. Hichi Kiswahili cha shule mimi sikijui.” Swali lilisema: Andika kwa wingi. Sentensi ilikuwa ‘Mkono wangu unauma’. Binti alikuwa amemuuliza mamake, mama akamwambia aandike ‘Mikono yangu inauma’. Kalamu nyekundu ikapita juu yake, na pembeni pameandikwa jibu sahihi: ‘Mikono yetu inauma’.

Tuichunguze sentensi hiyo kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Neno ‘wangu’ lina sehemu mbili. Ile ‘w’ ya mwanzo ni ya mkono. Inabadilika mkono ukibadilika. Ile ‘-angu’ ni ya mwenye mkono. Mama aliubadilisha mkono kuwa mikono, akaibadilisha ‘w’ kuwa ‘y’, akaubadilisha ‘u’ wa kitenzi kuwa ‘i’, akamwacha mwenye mikono alivyo, mtu mmoja mwenye mikono miwili. Hakuna kasoro ya upatanisho hapo. Shule ilitaka zaidi ya hayo: ilitaka kila kinachoweza kuwa kingi kiwe kingi, na mwenyewe pia. Kwa hiyo sentensi ya mama ina mgonjwa mmoja, na sentensi ya mwalimu ina wodi nzima.

Sisemi kwamba kanuni ya shule ni mbaya. Ina faida yake: humlazimisha mtoto kuzungusha viambishi vyote kwa pamoja, cha nomino, cha kimilikishi na cha kitenzi. Lakini ni kanuni ya mchezo, kama ile ya mpira inayosema usiushike kwa mkono. Hakuna mtu anayezaliwa akiijua, hata azaliwe Lamu. Ukimwita mtu uwanjani bila kumwambia sheria, kisha ukampulizia kipenga, hujamfunza kitu.

Na kilichoniuma si ile alama moja. Mama aliniambia kwamba tangu siku ile binti huwa hamuulizi tena. Humngoja dadake aliye sekondari msingi, na dada asipokuwapo huandika chochote ili daftari lisiwe tupu. Eti alimwambia, “Mama, wewe unajua Kiswahili cha nyumbani tu.” Mtoto wa miaka kumi amejifunza kwamba lugha aliyonyonya nayo si lugha, na amejifunza hilo katika somo la lugha hiyohiyo.

Msomaji huenda akaniambia kwamba hilo ni tatizo la pwani, na wengi wetu huku bara hatuna mama wa Lamu. Ni kweli, lakini hasara ni yetu sote. Sera yetu ya lugha inaruhusu lugha ya eneo itumike kufundishia hadi gredi ya tatu. Kuanzia gredi ya nne, hisabati, sayansi na masomo mengine huingia katika Kiingereza. Kwa mzazi ambaye Kiingereza kinampiga chenga, Kiswahili ndicho kinabaki somo pekee ambalo angeweza kukaa na mwanawe mezani na kumwambia, “Leta nione.” Mtaala wenyewe unamtaka afanye hivyo, ushirikishwaji wa wazazi umeandikwa humo. Tunakumbuka zogo la wazazi walipotakiwa kusaidia kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani. Walilalamikia gharama na muda, na walikuwa na haki. Lakini sikusikia watu wengi wakiuliza swali la lugha: je, mzazi anaelewa anachoombwa?

Ajabu ni kwamba maneno haya ya maagizo, ukiyafungua, mengi yanatokana na maneno ambayo nyumba tayari inayo. Chukua ‘kanusha’. Mzazi anayesikiliza taarifa ya habari amelisikia mara elfu: mbunge amekanusha madai, waziri amekanusha kuhusika. Kukanusha huko ni kusema jambo si kweli. Mwalimu akichukua dakika moja tu kusema, “Mbunge akikanusha anasema sikufanya, nanyi leo ifanyeni kila sentensi iseme si hivyo,” agizo limekwisha kueleweka, na mtoto analo neno la kumpelekea babake. ‘Yakinisha’ ni dada yake: limetoka kwa yakini, yaani hakika, jambo ambalo unalithibitisha kuwa ndivyo lilivyo. ‘Ainisha’ ni kuweka vitu katika aina zake, kama mama anavyotenga maharagwe na choroko. ‘Bainisha’ ni kulifanya jambo liwe bayana, lionekane.

‘Tegua’ ndilo tamu zaidi. Bibi yeyote aliyewahi kutoa vitendawili anajua kwamba msemaji husema “Kitendawili!” na wasikilizaji hujibu “Tega!” Kutega ni kuweka mtego. Kutegua ni kuufyatua mtego huo usinase. Ile ‘u’ iliyoingia katikati ndiyo inayogeuza kitendo kinyume, kama vile funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kwa hiyo agizo ‘Tegua kitendawili hiki’, ambalo mtoto hulisoma kama msamiati mgumu wa kukariri, ni picha kamili ya wawindaji wawili, mmoja akitega na mwingine akitegua. Kisha katika swali moja unaweza kufundisha kauli ya kutendua bila hata kuitaja jina.

‘Akifisha’ sina njia ya mkato ya kulieleza. Halisikiki sokoni, halisikiki redioni. Hilo ni neno la shule tupu, na maneno ya shule tupu yanastahili kufafanuliwa kila mara: weka vituo, mikato na alama nyingine panapofaa. Sioni aibu yoyote katika kuyaandika maneno hayo saba ubaoni kila wiki hadi mtoto mwenyewe aseme, “Mwalimu, tushajua.”

Kuna agizo jingine ambalo linanisumbua kwa sababu tofauti, nalo ni ‘Andika kwa ukubwa’ au ‘kwa udogo’. Hapa neno linaeleweka. Kinachopotea ni maana ya matumizi. Mtoto anapewa ‘Mtoto huyu anacheza na mbwa wake’, naye anatakiwa kuandika ‘Toto hili linacheza na jibwa lake’ na ‘Kitoto hiki kinacheza na kijibwa chake’. Sawa kabisa kisarufi. Lakini mpeleke mtoto huyo kwa jirani, amwambie mwenye nyumba, “Toto lako liko nje na jibwa lenu,” halafu uone. Katika matumizi halisi, ukubwa na udogo havipimwi kwa rula. Hubeba dharau, hasira, kejeli, na mara nyingine mapenzi. ‘Jitu’ linaweza kuwa mtu mkubwa wa mwili, na linaweza pia kuwa mtu asiye na utu. ‘Kijumba changu’ kikisemwa na mwenye nyumba ni unyenyekevu. Kikisemwa na mgeni ni tusi. Mzazi anajua haya yote bila kufundishwa. Kazi ya ziada ingeweza kumwomba mtoto aulize nyumbani: ni wakati gani mtu huitwa ‘jitu’, na wakati gani kitu huitwa ‘kijumba’? Jibu la swali hilo halimo katika kitabu chochote cha marudio. Badala yake tunawapa watoto orodha ndefu za vikembe, wakariri kwamba mtoto wa simba ni shibli na wa sungura ni kitungule, maneno ambayo wengi wao hawatayahitaji tena baada ya Ijumaa.

Mwalimu mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, anayefundisha gredi ya tano katika shule ya umma, alijaribu njia nyingine, na ameniruhusu niieleze. Badala ya sentensi kumi za kukanusha, aliwapa watoto agizo hili: ‘Leo jioni wasikilize watu wa nyumbani kwenu. Kila mtu akikataa jambo au akisema jambo halikufanyika, andika maneno yake kama alivyoyasema. Leta matatu.’ Mzazi hakuhitajika kujua neno lolote la sarufi. Hakuhitajika hata kujua kwamba anasikilizwa.

Asubuhi yake ubao ulijaa. Sitaki. Sina. Hakuna. Hajarudi. Usiniletee. Hatukuona. Mmoja akaleta ‘Zii’, darasa likacheka, naye mwalimu akaiandika kama zilivyoandikwa nyingine. Mwingine, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kijaluo, akaleta sentensi zenye neno ‘ok’. Mwalimu akauliza: hilo ‘ok’ limekaa wapi? Wakaona kwamba katika Kijaluo neno la kukanusha husimama peke yake mbele ya kitenzi, ilhali katika Kiswahili hujichomeka ndani ya kitenzi chenyewe. Mtoto huyo, ambaye kwa kawaida hukaa kimya katika kipindi cha Kiswahili, alitumia karibu dakika tano akiwaeleza wenzake. Linganisha na zile dakika mbili zake za wiki nzima.

Baada ya hapo ndipo kazi ya sarufi ilipoanza, na ilikuwa sarufi kwelikweli. Kinyume cha ‘sina’ ni nini? Nina. Cha ‘hakuna’? Kuna. Cha ‘hajarudi’? Amerudi. Na ‘hatukuona’? Tuliona. Wakagundua wenyewe kwamba -me- ikikanushwa huja -ja-, na -li- ikikanushwa huja -ku-. Walikuwa wakiyasema hayo tangu wakiwa na miaka mitatu. Shule iliwaongezea jina tu, na kuongeza ndiko kunakoitwa ziada.

Palitokea pia kosa, na kosa hilo lilikuwa na faida kuliko majibu yote sahihi. Msichana mmoja aliandika alivyomsikia shangazi yake: ‘Mtoto hakuli.’ Hapo kitabu kinasema ‘hali’. Kwa nini? Mzizi wa kitenzi hiki ni ‘-l-’ tu, mfupi mno kusimama wenyewe, kwa hiyo katika ‘anakula’ tunautilia ‘ku’ kuwa mhimili. Katika ukanusho wa wakati uliopo mhimili huo huondolewa: anakula, hali, anakuja, haji, anakunywa, hanywi. ‘Hakuli’ husikika sana mitaani kwa sababu wasemaji wameishikilia ‘ku’ hata mahali isipohitajika. Katika Kiswahili sanifu ‘ku’ hubaki kwenye ukanusho wa wakati uliopita: jana hakula, leo hali. Ukiwapa watoto hizo mbili zikiwa sambamba, wanaona kwamba ‘ku’ ina kazi ya kufanya, na ndiyo inayotenganisha jana na leo. Mwalimu hakumwambia msichana kwamba shangazi yake hajui Kiswahili. Alimwambia, shangazi anasema hivi, kitabu kinasema hivi, na tathmini itauliza la kitabu. Mtoto wa gredi ya tano anaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja. Hubadilisha lugha mara tatu kabla ya kufika shuleni.

Najua pingamizi. Nitaambiwa kwamba hakuna muda, kwamba kazi ya namna hii haisahihishiki kwa tiki, na kwamba mwalimu mkuu hutaka kuona daftari lililojaa wino mwekundu. La muda halina uzito mkubwa: kazi ile ilisahihishwa ubaoni, na watoto wote, ndani ya kipindi kimoja, na mwalimu hakubeba hata daftari moja kwenda nalo nyumbani. La wino mwekundu ni kweli, na hilo ni la kuzungumza na walimu wakuu na maafisa wa elimu. Wengi wao hupima bidii ya mwalimu kwa idadi ya alama alizotia, na mwalimu wa kawaida hawezi kuwabishia. Tena sipendekezi mazoezi ya kugeuza sentensi yaachwe. Mtoto anayahitaji, hasa yule ambaye Kiswahili si lugha ya kwao.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama. Agizo lolote linalokwenda nyumbani liende na mfano mmoja uliokwisha kufanywa. Badala ya ‘Andika kwa wingi’, mwalimu aandike: ‘Sema sentensi hii kana kwamba wanaosema ni watu wengi. Kalamu yangu imepotea: Kalamu zetu zimepotea.’ Mtu yeyote anayezungumza Kiswahili, awe wa Lamu au wa Kitale, akiona mfano huo ataujua mchezo unavyochezwa, na ‘Mkono wangu unauma’ hautampa taabu. Wako waandishi wa vitabu vya mazoezi ambao tayari hulitatua swali la kwanza la kila zoezi kama kielelezo, wakaacha yaliyobaki. Walimu wanaochagua vitabu vya kutumwa nyumbani mwanzoni mwa muhula wanaweza kuanza kwa kuangalia jambo hilo moja kabla ya kuangalia bei.